Geji za gari la injini ya pikipiki: zipi zitangulie Shelly Beach

Mtu anayejenga gari dogo la magurudumu manne kwa injini ya pikipiki huiacha dashibodi mpaka mwisho. Chesisi imeshachomelewa, difu imepatikana, viti vimefungwa, ndipo anapokwenda dukani kutafuta geji. Akifika huko anachagua kwa macho: duara kubwa la mizunguko ya injini katikati, spidomita kando, na vingine pembeni kama nafasi imebaki. Kwa gari litakaloishi Likoni, Mombasa, baina ya kivuko na ufuo wa Shelly Beach, mpangilio huo naona umewekwa kichwa chini miguu juu. Huku maadui wa injini ni foleni, joto na chumvi, na geji ya mizunguko haina la kusema juu ya hata mmoja wao.

Mtindo wa kuweka geji ya mizunguko mbele una asili yake, na asili hiyo inaeleweka. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Uingereza ilitoa gari lake jepesi la Seven, ambalo mtu aliweza kulinunua vipande vipande akaliunganisha mwenyewe nyumbani. Caterham walichukua haki za kulitengeneza mwaka 1973. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujenga gari la aina hiyo kwa vyuma vya bei ndogo. Waundaji wengi wakapachika injini za pikipiki za Kijapani: Honda Fireblade, Honda Blackbird, na Suzuki Hayabusa yenye sisi karibu 1,300 ambayo huzunguka hadi kama mara 11,000 kwa dakika. Gari la namna hiyo hupelekwa uwanja wa mashindano siku za wikendi na kurudishwa gereji. Dereva wake anabadilisha gia kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo ni haki yake kuwa na mshale mkubwa wa mizunguko mbele ya uso.

Sisi tuna gari letu la injini ya pikipiki, na tumelizoea kiasi kwamba hatulioni tena kuwa ni hilo. Tuktuk ya Bajaj RE ina injini ya silinda moja ya takriban sisi 200, TVS King iko hapo hapo, na Bajaj imekwenda mbele kidogo kwa kutoa Qute, kigari cha magurudumu manne chenye injini ya sisi 216 inayopozwa kwa maji. Tazama dashibodi ya tuktuk: spidomita moja na taa chache. Geji ya joto haipo, ya oili haipo, na dereva anabeba abiria kutwa nzima kutoka kivukoni. Mtu anaweza kusema kama tuktuk inaishi bila geji, basi na gari langu litaishi.

Tuktuk inaishi bila geji kwa sababu kiwanda kimeshaijibu hatari mapema. Feni ya kupoza inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikizunguka upepo upo, hata tuktuk ikisimama foleni. Injini imewekwa gia fupi, imebanwa isipate nguvu kubwa, na imebuniwa tangu mwanzo kwa mwendo wa kusimamasimama. Anayetoa injini kwenye pikipiki na kuiweka ndani ya boneti ameivunja hesabu ile. Pikipiki ilipata upepo kutoka mbele bila kizuizi, na sasa injini imefunikwa. Ilibeba kilo mia na kitu, sasa inavuta mara tatu au nne ya hizo. Ilikuwa ikilala kwenye kona, sasa inakwenda wima. Kila badiliko hapo limeondoa kinga fulani, na mimi huchagua geji kwa kuuliza ni kinga ipi iliyoondoka, na nikiuona mshale umesogea nitafanya nini. Geji ambayo sina la kufanya nikiiona imebadilika naiacha dukani.

Jibu linategemea injini. Ukichukua ya Boxer 150, ile ya bodaboda wengi, una silinda moja ya sisi 144.8 inayopozwa kwa hewa, na kombo lake limekaa juu ya beringi za vyuma zinazoridhika na oili ya msukumo mdogo. Kuiwekea geji ya msukumo wa oili ni kupoteza pesa. Inachohitaji ni kiwango cha oili kuangaliwa kila asubuhi, na sensa ya pete inayofungwa chini ya plagi ili kupima joto la kichwa cha silinda. Ukichukua injini ya silinda nne ya sisi 600 au 1,000, mambo yanabadilika kabisa. Kombo linaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika kwa sekunde chache injini imenoki. Hapo geji ya oili ndiyo ya kwanza.

Pikipiki ikipinda kona hulala upande, na oili ndani ya sampu inabaki imetulia chini ya kinywa cha pampu. Gari halilali. Likikata kona kwa kasi oili yote inakimbilia upande wa nje, kinywa kinabaki kinavuta hewa, na msukumo unaporomoka wakati injini ikiwa kwenye kazi kubwa. Waundaji wa Uingereza walilipia somo hili kwa injini nyingi kabla ya kuweka vizuizi vya bati ndani ya sampu. Vizuizi hivyo viwekwe hata kwa gari litakalozunguka mtaani, na geji iwepo ya kuthibitisha kuwa vinafanya kazi. Taa ya oili iliyokuja na pikipiki haitoshi kwa kazi hii. Swichi yake hungoja msukumo ushuke karibu na sifuri ndipo iwashe, na kwa injini inayozunguka mara 8,000 hiyo ni taarifa ya msiba uliokwisha kutokea. Weka geji ya kweli, pamoja na taa ya pili nyekundu yenye swichi inayowaka mapema zaidi, iwe juu ya dashibodi pale macho yanapopita yakitazama barabara. Mshale hutazamwa kwa kukusudia, ila taa humfikia dereva hata akiwa anauangalia mkokoteni unaoingia barabarani.

Geji za oili ziko za aina mbili, na hapa watu hubishana sana. Ya zamani hupeleka oili yenyewe kwa kijibomba chembamba hadi nyuma ya geji. Haitaki umeme, na chumvi haiidanganyi. Lakini kijibomba kikipasuka oili ya moto inamwagika mapajani mwa dereva. Ya umeme hubakiza oili kwenye injini na kuleta ishara kwa waya. Nachagua ya umeme, kwa sharti nitakalolieleza nikifika kwenye chumvi.

Baada ya oili ni joto, na kwa Likoni nusura niliweke mbele. Gari linalotoka Shelly Beach kwenda kisiwani linapita kivukoni, na foleni ya feri ni mtihani ambao mbunifu wa pikipiki hakuufikiria. Jua la saa saba, hakuna upepo, injini inanguruma pale pale, gari linasogea urefu wake na kusimama tena. Kwa injini nyingi za Kijapani zinazopozwa kwa maji, themostati hufunguka karibu nyuzijoto 82 na feni ya rejeta huanza karibu nyuzi 100. Mfuniko wa rejeta wenye msukumo mzuri husogeza kiwango cha kuchemka hadi jirani na 120. Nafasi baina ya feni kuwaka na gari kuchemsha si kubwa. Kwa hiyo nataka geji yenye namba, si ile yenye herufi mbili tu za baridi na moto. Geji nyingi za herufi zimetengenezwa zikae katikati kwa muda mrefu ili mteja asisumbuke, na mshale ukianza kuruka umeshachelewa.

Joto lina mambo mawili yanayosahauliwa. Sensa hupima kile kinachoigusa. Bomba likipasuka na maji yakatoka yote, sensa inabaki ndani ya hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Kwa hiyo mshale ulioanguka ghafla ni wa kuogopwa sawa na uliopanda, na sensa ya pili iliyofungwa kwenye chuma cha kichwa cha silinda inastahili gharama yake. La pili ni feri. Ukizima injini ndani ya feri maji yanaacha kuzunguka, na joto lililomo kwenye chuma linapanda kwa dakika kadhaa. Kama geji na feni vinazimika pamoja na ufunguo, hutaona lolote mpaka uwashe tena upande wa pili. Fundi wa waya aviunge viwili hivyo kwenye laini inayobaki hai, yenye fyuzi yake.

Hapo ndipo geji ya volti inapopata nafasi. Magneto ya pikipiki huzalisha umeme kidogo injini ikizunguka polepole, na sasa umeiongezea feni kubwa, taa za gari, pengine na redio. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi, na ikichajiwa husoma baina ya 13.8 na 14.5. Ukiwa foleni na feni imewaka, geji ikakaa 12.2 na kuendelea kushuka, unajua cha kufanya: zima taa na redio, au ongeza mizunguko kidogo. Geji ya ampea siipendekezi. Inataka umeme wote wa gari upite nyuma ya dashibodi kwa waya mnene, na waya ule ukichubuka katika hewa ya bahari unatafuta moto.

Mwendo una hesabu yake, na hesabu hiyo huwashinda wengi wanaochukua spidomita ya pikipiki ile ile. Pikipiki nyingi za kisasa hupima mwendo kwenye sproketi ya mbele ya giaboksi. Tuseme pikipiki ina meno 17 mbele na 43 nyuma, na tairi la mzunguko wa mita 1.95. Kila sproketi ya mbele inapozunguka mara moja pikipiki inasogea sentimita 77. Ndani ya gari shafti ile ile inakwenda kwenye difu yenye uwiano wa 3.9, na tairi la 185/60 la ringi 13 lina mzunguko wa mita 1.735, kwa hiyo gari linasogea sentimita 44.5 tu. Spidomita haijui hayo. Ukienda kilomita 40 kwa saa yenyewe itakuambia 69.

Dawa ziko tatu. Kuna kisanduku kidogo cha umeme kinachofungwa baina ya sensa na spidomita na kusahihisha hesabu. Kuna spidomita za gari na pikipiki, kama za Acewell au Koso za Taiwan, ambazo unaziingizia mzunguko wa tairi na idadi ya ishara. Sensa inatazama vichwa vya bolti za propela, na bolti nne kwa difu ile hutoa ishara 15.6 kila tairi linapozunguka, yaani karibu 9,000 kwa kilomita. Ya tatu ni spidomita ya setilaiti, ambayo haitaki sensa yoyote ya gurudumu na haijali ukibadilisha tairi. Inakawia kidogo kuamka na kufuata mwendo unapobadilika, lakini kwa mjenzi wa kwanza ndiyo yenye usumbufu mdogo. Hata ukichagua nyingine, simu yenye setilaiti inafaa kuikagulia: abiria ashike simu, dereva ashike mwendo mmoja kwenye barabara iliyonyooka, namba zilinganishwe katika 30, 50 na 80.

Spidomita ikikosea, ikosee upande gani? Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa na viwanda vingi haikubali kabisa spidomita isome chini ya mwendo halisi. Kusoma juu inaruhusu, hadi asilimia 10 na kilomita 4 zaidi. Ukienda 40 inaweza kuonyesha chochote baina ya 40 na 48. Sheria yetu ya barabarani inaweka kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na Likoni ni mji. Aliyepima kwa tairi la 185/60 kisha akafunga 175/70 kwa sababu lilikuwepo dukani ameongeza mzunguko kwa asilimia 4, na spidomita yake sasa inamwambia 50 akiwa 52. Na kabla ya kukata chuma cha kwanza, swali la usajili liulizwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa maana dashibodi nzuri kwenye gari lisiloruhusiwa barabarani haimpeleki mtu popote.

Kuna wanaotaka kuhamisha dashibodi nzima ya pikipiki, na wana hoja. Imeshaunganishwa na kompyuta ya injini, inaonyesha gia na makosa, na haiongezi gharama. Kwenye baadhi ya pikipiki mfumo wa kuzuia wizi umefungamana na dashibodi, na ukiitoa injini haiwaki. Katika hali hiyo ibakie, hata kama itafichwa chini, na geji za oili na volti ziongezwe kando.

Sasa chumvi. Shelly Beach inaitazama bahari kuu, na kusi linapovuma chumvi inafika ndani ya nyumba, seuze ndani ya gari lisilo na paa. Fungua kiunganishi cha waya kilichokaa hapo mwaka mmoja bila grisi: shaba imegeuka kijani, unga mweupe umejaa kwenye ncha, na waya umekuwa mweusi sentimita kadhaa ndani ya mpira wake. Unga ule ni ukinzani, na ukinzani ndio lugha ambayo geji husoma.

Chukua sensa za mtindo wa VDO wa Ujerumani, ambazo ni nyingi madukani na zimeigwa na wengi. Ile ya joto la maji ina takriban ohmu 38 maji yakiwa nyuzi 100, na takriban 69 yakiwa nyuzi 80. Kutu ikiongeza ohmu 30 tu kwenye njia, injini yenye nyuzi 100 itaonekana ina 80. Sensa ya oili ya mtindo huo inaanzia ohmu 10 pasipo na msukumo na kupanda hadi karibu 180, kwa hivyo kutu inaonyesha msukumo ambao haupo. Ya petroli nayo ina ohmu 10 tangi likiwa tupu na 180 likiwa limejaa: kutu inajaza tangi. Geji tatu, na zote tatu zikiharibika humtuliza dereva.

Mtindo wa Marekani umegeuzwa: ohmu 240 kwa sifuri, 33 kwa juu kabisa. Kutu kwenye mfumo huo hushusha oili na petroli, na dereva anasimama kuangalia. Atasumbuliwa bure mara moja moja, lakini injini itapona. Kwa gari la pwani hilo kwangu lina uzito kuliko rangi ya sura ya geji, na ndilo sharti nililoliahidi: sensa ya umeme ya oili iwe ya upande unaopiga kelele ikiharibika, na sensa na geji zinunuliwe pamoja, kwa sababu kuchanganya mitindo miwili kunageuza kila kitu. Kwa joto ujanja huo haupo. Sensa za joto za mitindo yote miwili hupungua ohmu kadiri moto unavyopanda, kwa hiyo dawa ni waya. Sensa ya waya mmoja hupata arthi kupitia nyuzi zake za chuma, na utepe mweupe wa mafundi bomba ukizungushwa pale arthi inakatika. Afadhali sensa ya nyaya mbili, arthi ikirudi yenyewe hadi kwenye betri, viunganishi vyenye mpira wa kuzuia maji, na grisi ndani yake.

Kuhusu sura, mshale unashinda skrini katika gari lililo wazi. Jua letu la utosini hufuta maandishi ya skrini nyingi, na miwani ya jua ya aina fulani huzifanya nyeusi kabisa. Mafundi wa magari ya mashindano wana mtindo mzuri wa kuigwa: huzizungusha geji kwenye matundu yao mpaka mishale yote isimame wima mambo yakiwa sawa. Dereva hasomi namba, anaona tu mmoja umepinda. Geji ziwe za daraja la IP67, ambalo linahimili vumbi na kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa. Mchanga wa ufuoni na mvua ya masika havina huruma na tundu dogo nyuma ya geji.

Geji ya mizunguko haikosi kazi. Anayekwepa feri na kuzungukia Dongo Kundu anakutana na barabara ndefu iliyonyooka na daraja la Mteza lenye zaidi ya kilomita moja, na hapo injini ya pikipiki inazunguka kwa kasi ambayo sikio lililochoshwa na upepo halipimi tena. Nafasi yake iwe ya wastani, pembeni, na taa moja ya kubadilishia gia inatosha kwa wengi. Taa ya nyutro ni ya lazima zaidi, maana giaboksi ya pikipiki hupita gia moja baada ya nyingine, na kwenye mteremko wa kuingilia feri kuikosa nyutro si mzaha.

Imebaki petroli. Tangi la kuchomelea halina umbo la tangi la kiwanda, hivyo nusu ya mshale si nusu ya mafuta. Gari lisimamishwe mahali tambarare, tangi liwe tupu, kisha mimina lita moja moja kwa kipimo, ukiandika mshale ulipofika kila mara. Geji za kisasa hukubali kufundishwa namba hizo. Kwa isiyokubali, chora alama kwa kalamu kwenye kioo. Rudia kipimo pua ya gari ikiwa imeinama kama kwenye mteremko wa kivuko, kwa sababu huko ndiko gari litakakosimama muda mrefu, na huenda mshale ukasoma lita mbili pungufu au zaidi ya zilizomo.